Paka hashibi kwa wali: kero za wanyama wetu ni deni letu

Samaki ametoweka, kawa limelala sakafuni, na paka anajilamba makucha dirishani. Nje, mbwa amebweka tangu saa nne usiku na alfajiri inamkuta bado anabweka. Kochi limechanwa pembeni, kandambili ya mguu mmoja haionekani, tuta la mchicha limefukuliwa. Hakuna kaya yenye paka au mbwa isiyozijua kero hizi, na kaya nyingi zina jibu lilelile: mwiko, jiwe, teke, maji ya moto, au gunia linalofungwa mdomo na kwenda kumwagwa soko la mbali. Jibu hilo nalipinga, na nalipinga kwa sababu zinazoweza kupimwa. Tabia nyingi tunazoziita wizi, ukaidi, kiburi au uchawi ni maumbile yaleyale yaliyotufanya tumtake mnyama huyo nyumbani, au ni matokeo ya namna tunavyomlisha, tunavyomfunga na tunavyomsahau. Anayepaswa kubadilika kwanza ni mfugaji. Akibadilika yeye, nyumba inatulia, jirani analala, na mtaa unakuwa salama zaidi.

Nianze na wizi wa kitoweo, kwa kuwa ndio unaowafikisha paka wengi kwenye gunia. Wahenga walisema paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Methali hiyo huwa tunawapigia watu, lakini kwa paka mwenyewe ni habari ya mwili wake. Mwaka 2005 watafiti walieleza kwamba paka wa nyumbani, sawa na simbamarara na duma, ana hitilafu katika jeni ya kutengeneza kipokezi cha ladha tamu. Sukari haina utamu wowote ulimini mwake. Zito zaidi ni taurini, kirutubisho kinachopatikana katika nyama na samaki, ambacho mwili wa paka hauwezi kukitengeneza kwa kiasi cha kumtosha. Utafiti wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba paka anayekosa taurini huharibika retina ya jicho na anaweza kupofuka. Mwaka 1987 ikaonekana kwamba misuli ya moyo wake nayo hudhoofika na moyo hupanuka. Mahindi hayampi kirutubisho hicho, wala mchele, wala muhogo. Sasa mfikirie paka anayewekewa ukoko wa ugali uliolowekwa kwenye mchuzi wa jana, huku hatua tatu kutoka pale changu wa kukaanga amefunikwa kwa kawa tu. Mwili wake unadai kitu ambacho bakuli lake halina. Kichwa cha samaki, dagaa kidogo, maini na utumbo wa kuku ambavyo mara nyingi hutupwa vingepunguza sana safari zake za jikoni, na sahani ikifungiwa kabatini kesi nyingi zingekwisha kabla ya kuanza. Paka atabaki mdokozi, lakini si mdokozi wa njaa.

Mbwa ana tumbo tofauti, na ni vema kuijua tofauti hiyo kabla ya kuwalisha wote wawili kutoka sufuria moja. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden walionyesha kwamba mbwa wana nakala nyingi za jeni ya kimeng'enya kinachovunja wanga, ilhali mbwamwitu wana mbili tu. Yaani babu wa mbwa wetu alipoishi pembezoni mwa makazi ya watu, vizazi vyake vilizoea nafaka ya mkulima. Ndiyo maana mbwa wa Iringa au Machakos hustahimili chakula chenye ugali mwingi, jambo lisilomfaa paka kamwe. Lakini historia hiyohiyo ndiyo inayoeleza kero yake ya kula kila kitu. Kwa maelfu ya miaka riziki ya mbwa imekuwa mabaki ya binadamu, mifupa, maganda na hata vinyesi. Anapochana mfuko wa taka wa jirani na kuburura nepi mpaka barazani, anafuata njia iliyomleta kwetu. Mbwa anayelishwa mara moja usiku, tena mtu akikumbuka, ataifuata njia hiyo kwa bidii zaidi, na mtaa usio na mapipa yenye vifuniko unamwandalia meza. Mwenye mbwa na mwenye taka wote wana sehemu yao katika uchafu ule. Mwenye sehemu ndogo kabisa ndiye anayepigwa mawe.

Kisha kuna vituko vya alfajiri. Saa kumi, nyumba ikiwa kimya, paka huanza kukimbia toka chumba hadi chumba, hupanda pazia, huruka juu ya tumbo la aliyelala, huangusha glasi kutoka mezani. Macho na masikio yake yameumbwa kwa ajili ya mwanga hafifu wa macheo na machweo, saa ambazo panya hutoka. Utafiti wa jeni uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa kufugwa duniani wanatokana na paka pori wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, na wanaakiolojia huko Cyprus walikuta kaburi la miaka kama 9,500 ambamo mtu alizikwa na paka karibu yake. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili. Paka aliyezikwa pale alitokana na paka waliovushwa bahari na watu. Waliomvusha walikuwa na nafaka, na penye nafaka pana panya. Majahazi ya Bahari ya Hindi nayo yalihitaji mlinzi wa shehena, na vizazi vya paka wanaorandaranda leo katika vichochoro vya Lamu ni sehemu ya mji sawa na punda wake. Tulimwajiri mwindaji wa usiku. Si haki kumtaka awinde ghalani saa kumi na awe mto wa kulalia chumbani saa hiyohiyo. Kinachowezekana ni kumchezesha kwa kamba au kitambaa jioni, kumlisha baada ya mchezo, na kumwacha alale kama mwindaji aliyekwisha kuwinda.

Ukimwelewa mwindaji huyo, vituko vingine navyo vinapata maana. Mjusi aliyeuawa nusu na kulazwa mlangoni si matusi: windo hupelekwa mahali salama, na paka jike huwaletea wanawe windo ili wajifunze. Kukanda tumbo la mtu kama anayekanda unga wa chapati ni mazoea ya utotoni, alipokuwa akibonyeza titi la mama ili maziwa yatoke. Kulala juu ya nguo zilizopigwa pasi, au kwenye majivu ya jiko kule Limuru asubuhi ya Julai, ni kutafuta joto, maana mwili wa paka hustarehe kwenye nyuzi 30 hadi 38 za selisiasi, kiwango ambacho binadamu angeanza kutafuta feni. Kuchana kochi kunamsaidia kuvua ganda la ukucha lililochakaa, kunyoosha misuli, na kuacha harufu ya vitezi vilivyo nyayoni, kama mtu anayepiga muhuri wake mlangoni. Hamu hiyo haifi kwa kofi. Inahamishwa. Gogo la mnazi, au kipande cha gunia la katani, ileile iliyoipa Tanga umaarufu, kikifungwa kwenye mguu wa meza karibu na kochi linaloshambuliwa, kitampa mahali pake pa kupigia muhuri. Gharama yake ni ndogo kuliko ya fundi wa makochi.

Kero nzito kuliko zote kwa majirani ni vilio vya usiku juu ya mabati. Hapa kuna sababu inayotuhusu sisi wa ukanda wa ikweta kwa namna ya pekee. Majira ya kupandana ya paka huongozwa na urefu wa mchana. Katika nchi za kaskazini, jike hupumzika miezi ya baridi ambapo mchana ni mfupi. Kwetu mchana haubadiliki sana toka Januari hadi Desemba, kwa hiyo jike asiyehasiwa anaweza kuingia kwenye joto wakati wowote, na asipopata mimba hurudia baada ya muda mfupi. Huanza akiwa bado mdogo, pengine na miezi minne hadi sita, na mimba yake huchukua takriban siku 63 hadi 65. Madume wa mtaa mzima husikia mwito, huja, hupigana, hukojolea milango kuweka alama. Sauti zao hufanana na kilio cha mtoto mchanga, na ndiyo maana katika maeneo mengi zimehusishwa na wachawi, kama vile mlio mrefu wa mbwa ulivyohusishwa na habari za msiba. Sina sababu ya kumdharau mtu aliyelelewa katika imani hizo. Usiku una vitisho vyake. Lakini mlio mrefu wa mbwa ni urithi wa mbwamwitu, ambao huitana kwa sauti hiyo kutoka umbali wa kilomita kadhaa, na kilio cha paka ni wito wa kupandana. Jike akifungwa kizazi na dume akihasiwa na daktari wa mifugo, sehemu kubwa ya vilio, mapigano na mikojo hiyo huondoka. Maji ya moto yanayomwagwa dirishani huacha kidonda, na kesho yake usiku wito uleule unarudi.

Wapo wanaosema paka ana kiburi: unamwita, anatikisa sikio, anaendelea kulala. Ni kweli kwamba anasikia. Mwaka 2019 watafiti wa Japani, wakiongozwa na Atsuko Saito, walionyesha kwamba paka wa nyumbani hutofautisha jina lake na maneno mengine yenye mlio unaokaribiana nalo. Lakini kusikia na kutii ni mambo mawili, na paka hakutoka kwenye ukoo wa wanyama wanaowinda kwa kundi chini ya kiongozi. Ajabu ni jinsi alivyojitahidi kujifunza kusema na sisi. Paka wakubwa hawaliliani "nyau" wao kwa wao mara nyingi. Mlio huo ni wa mtoto kwa mama, nao wameuendeleza kwa ajili ya binadamu. Mwaka 2009 Karen McComb na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waligundua kwamba paka anayedai chakula huchanganya ndani ya mkoromo wake sauti nyembamba inayokaribiana na kilio cha mtoto mchanga, na wasikilizaji, hata wasiofuga paka, waliiona kuwa ya dharura na isiyopendeza. Kero ile ya saa kumi na moja alfajiri, paka anapokoroma sikioni mpaka mtu anaamka, ni mawasiliano yaliyofanikiwa. Kila anayeamka na kumlisha anamfundisha arudie kesho. Anayetaka kulala na asimlishe pindi anapolia, amlishe kwa saa maalumu, na paka atajifunza saa hiyo.

Tumgeukie mbwa na kubweka kwake. Karibu kila mtaa wa mjini una geti lenye maneno "Mbwa Mkali", na mwenye geti hilo hununua mbwa ili abweke. Jirani analalamika kwamba mbwa anabweka. Wote wawili wanazungumzia kazi ileile. Mbwamwitu wakubwa hubweka kwa nadra. Mbwa anabweka kwa sababu ameishi na binadamu. Huko Novosibirsk, Urusi, mwaka 1959 Dmitri Belyaev alianza kuzalisha mbweha kwa kuchagua wale tu waliokuwa wapole kwa watu, na baada ya vizazi kadhaa mbweha wale wakaanza kutikisa mkia, kulialia wakitaka kushikwa, na wengine kuwa na masikio yaliyolegea kama ya mbwa. Upole na kelele vilikuja pamoja. Watafiti wa Hungary nao wameonyesha kwamba mtu akisikilizishwa kanda za milio ya mbwa asiyemwona, anaweza kukisia vizuri kuliko kubahatisha tu kama mbwa amemwona mgeni, anacheza, au ameachwa peke yake. Yaani kubweka kuna maana, na masikio yetu yana uwezo wa kuisoma. Hata mbwa wa basenji wa bonde la Congo, maarufu kwa kutobweka kama wengine, si bubu. Hutoa mlio wake mrefu unaopandashuka. Mbwa asiyesema hayupo.

Swali basi ni lipi analolisema mbwa anayebweka usiku kucha. Katika miji yetu mbwa wengi wa ulinzi hushinda ndani ya banda la mbao lenye upana wa kujigeuza tu, au kwenye mnyororo wa mita mbili, bila kuona mtu isipokuwa anayesukuma bakuli. Mnyama aliyetokana na jamii inayoishi na kuwinda kwa kundi amewekwa kifungo cha peke yake. Anapofunguliwa usiku, hubwekea kila kitu: jani la mwembe, mlinzi wa jirani, bodaboda, mbwa mwenzake wa mtaa wa pili. Mwizi akija, mlio wake haumwamshi mtu yeyote, kwa sababu kila mtu amezoea kuupuuza. Kero imeua hata ile faida. Mbwa huyohuyo ndiye anayefukua bustani, kutafuna viatu na kukimbiza pikipiki inayopita. Kukimbiza kinachokimbia ni silika ya uwindaji, na kwake silika hiyo imepewa dakika chache tu za kuishi kila siku. Mwenye mbwa akimtembeza asubuhi na jioni, akampa mfupa mkubwa mbichi wa kutafuna, kivuli na maji, na akamzoesha sauti za watu wa nyumbani, atapata mbwa anayebweka kwa sababu. Huyo ndiye mlinzi. Yule wa mnyororoni ni king'ora kilichoharibika.

Watetezi wa fimbo hujibu kwamba mbwa anajua kosa lake. Mtazame, husema, anavyoinamisha kichwa, anavyolaza masikio, anavyokwepa macho. Hiyo ni haya ya mkosaji. Ushahidi huu unaonekana mzito, na ndiyo maana Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, aliupima na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2009. Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake asile kitu fulani, akatoka chumbani, na aliporudi aliambiwa ama mbwa amekula ama hajala, na mara nyingine aliambiwa uongo. Sura ya hatia haikutegemea kama mbwa alikuwa amekula. Ilitegemea kama alikaripiwa, na waliokaripiwa bila kosa ndio walioionyesha zaidi. Kile tunachokisoma kama kukiri ni ishara ya mnyama anayejaribu kumtuliza mwenye hasira. Anayemchapa mbwa jioni kwa kiatu kilichotafunwa mchana anamfundisha jambo moja tu, kwamba mtu anaporudi nyumbani ni hatari. Mbwa wa aina hiyo huishia kuwa mwoga, na mbwa mwoga ni mwepesi wa kuuma. Tumejenga kwa mikono yetu ile hatari tuliyodhani tunaiondoa.

Kuna mapingamizi ambayo hayawezi kupitwa kwa haraka. La kwanza ni la umaskini: watoto wenyewe hawajashiba, nani ana muda wa kumpimia paka taurini? Swali hilo ni la haki. Lakini mengi niliyoyataja hayadai pesa. Vichwa vya dagaa vinavyotupwa, bakuli la maji, kivuli cha mwembe, mnyororo unaofunguliwa, nusu saa ya kutembea, kipande cha gunia. Na uzembe nao una bei: kuku wa jirani anayelipwa, kochi linaloshonwa upya, shilingi za sindano baada ya mtoto kung'atwa. Asiyeweza kabisa kumtunza mnyama ana uamuzi mwingine wa heshima, nao ni kutomfuga. Kinachokosa utetezi ni kumchukua kwa sababu ya panya na wezi, kisha kumwacha ajitafutie, na hatimaye kumwadhibu kwa kujitafutia.

Pingamizi la pili ni la dini, na katika pwani yetu lina uzito. Kwa mafundisho ya madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Paka yeye hahesabiwi najisi. Ni miongoni mwa wanaozungukazunguka majumbani mwetu. Hakuna anayetakiwa kumwingiza mbwa sebuleni ili aitwe mwenye huruma. Lakini mapokeo hayohayo yanamtaja mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Usafi umewekewa mipaka yake na rehema imewekewa yake, na hakuna kati ya mipaka hiyo inayoruhusu jiwe. Mbwa wa nje anaweza kuwa na banda safi, chombo chake na chakula chake, na twahara ya nyumba isiguswe.

Pingamizi la tatu ni la malezi. Samaki mkunje angali mbichi, na mnyama asiyefunzwa huwa balaa. Nakubaliana na hilo lote, na ndipo wafugaji wengi tunapochelewa. Dirisha la mtoto wa mbwa kuzoea watu, sauti na wanyama wengine ni kati ya wiki ya tatu na kama ya kumi na mbili au kumi na nne. La paka hufunguka mapema zaidi, kati ya wiki ya pili na ya saba. Mbwa aliyepitisha wiki hizo gizani ndani ya banda hukua akiogopa kila kitu, kisha sisi humwita mkali. Kufunza ni kumpa zawadi papo hapo anapofanya sawa, kumkatiza papo hapo anapoanza vibaya, na nyumba nzima kushika kanuni moja. Kama baba anamfukuza paka mezani na bibi anamrushia mnofu chini ya meza, aliyechanganyikiwa si paka.

Pingamizi la mwisho ndilo zito: tabia nyingine si kero bali ni hatari, na mtu ana haki ya kujilinda. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Karibu asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutoka kwa mbwa, na takriban wanne katika kila kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, tiba karibu haipo. Hapa kuzijua tabia za mnyama kunageuka kuwa kinga. Anayemfahamu mbwa wake ataona mapema kwamba mpole amekuwa mkali ghafla, au mkali amekuwa mpole kupita kawaida. Kwamba mlio umebadilika, mate yanatiririka, kumeza kumekuwa shida, na anatafuna mawe na vijiti. Asiyemfahamu ataona mbwa tu. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kwenda hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo, bila kungoja mbwa aonyeshe dalili.

Kinga yenyewe inajulikana. Mbwa wapatao asilimia 70 wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuendelea. Pemba imeonyesha kwamba inawezekana: kampeni za chanjo ziliuzima ugonjwa kisiwani, ukaingia tena mwaka 2016, na chanjo ikauzima tena. Kuwapiga risasi na kuwatilia sumu mbwa wa mitaani, njia inayorudiwa kila wananchi wanapolalamika, Shirika la Afya Duniani halikubali kwamba inadhibiti kichaa cha mbwa. Wanaouawa nafasi yao huchukuliwa na wengine wasiochanjwa, na mara nyingi waliokufa walikuwa miongoni mwa waliokwisha kuchanjwa. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama pamoja na mkakati wa kutokomeza kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Karatasi zipo. Kinachopungua ni mbwa kufikishwa kwenye meza ya chanjo, na anayeweza kumfikisha ni mtu aliyemzoea kiasi cha kumshika. Mbwa aliyepigwa maisha yake yote hashikiki, na hivyo hachanjwi. Fimbo ya nyumbani inaishia kuwa pengo katika kinga ya mtaa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kila mwenye paka au mbwa aandike orodha ya kero zinazomuudhi, na mbele ya kila kero ajiulize mnyama amekosa nini: chakula cha aina yake, usingizi, mwendo, watu, au daktari. Viongozi wa mitaa na vijiji, pamoja na maofisa mifugo, wapange siku za chanjo na za kuhasi kwa bei ambayo mwananchi wa kawaida anaimudu, na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, iwe siku ya kazi hiyo kuliko siku ya hotuba. Na jirani anayekeshwa na mbwa aanze kwa kubisha hodi kwa mwenye mbwa kabla ya kuokota jiwe, kwa kuwa ufunguo wa mnyororo uko ndani.

Wahenga hao hao walisema pia kwamba paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi. Walijua kwamba ukishamkaribisha mnyama ili afanye kazi yako, umekubali na tabia zinazoifanya kazi hiyo iwezekane. Leo jioni, kabla ya kuinua mwiko, angalia kwanza bakuli lake lina nini.